Fomu Haina Viriba

Mvua ya mawe ilitupiga Isyonje dakika ishirini,
Jumanne, saa tisa mchana, chai ikiwa jikoni.
Ilipokwisha nikatoka na ndoo kichwani
nikahesabu.
Viriba elfu nne na mia tatu.
Migrivea, mifudufudu, miparachichi ya kubebesha
iliyobakiza wiki mbili ishike.
Majani yote chini, kijani juu ya barafu,
kama mtu aliyekatia mchicha kwenye chumvi.

Shamba la Ambakisye, kule juu, halikuhesabika.
Lilikuwa limeshuka.
Viazi, matuta, na nusu ya mpaka wake na Syabumi
vimelala barabarani, na katapila halijafika.

Wiki ya tatu serikali ikaja kwa pikipiki.
Lusajo, afisa ugani, mabuti yamejaa tope,
fomu kazifunga ndani ya mfuko wa mbolea zisilowe.
RUZUKU YA DHARURA: HIFADHI YA UDONGO NA VYANZO VYA MAJI.
Nakala tatu. Muhuri wa mtendaji.
"Mama Tusekile, una ekari ngapi?"
Sina ekari. Nina viriba.
"Viriba havina kisanduku."
Basi akapima kitalu kwa hatua zake,
kumi na nne kwa tisa, pamoja na banda la mbuzi,
akaandika: robo ekari.
Hiyo ni mara nane ya ukweli. Tusiseme.
Kwenye "aina ya hasara" akaandika: majani.

Sikumcheka. Naye ana mkubwa wake,
mkubwa ana mkubwa, na yule wa mwisho
hajawahi kushika kiriba.
Wino uligoma kwa baridi; akaipulizia kalamu
kama anayeamsha moto.
Nikampa kiazi cha kuchoma, akala na ganda.

Ujumbe uliingia kwenye simu usiku, mwezi uliofuata.
Yangu ilitosha roli mbili za nailoni nyeusi
na gunia la pumba.
Ya Ambakisye ilikuwa nene, ila ina sharti:
makinga maji yachimbwe, miti mia sita ipandwe
ndani ya siku sitini, picha ipigwe.
Ya Syabumi, miti mia nne. Ya kanisa, elfu.
Kulipokucha wamepanga foleni langoni kwangu,
wamepewa fedha ya kununulia kitu
ambacho fomu ilisema si kitu.

Miche niitoe wapi?
Nilikuwa na kopo la kahawa, uvunguni.
Siku ile mawe yanatoboa bati
nilikimbilia kopo, nikaacha godoro linyeshewe.
Mbegu za mgrivea, nyepesi kama maganda ya kitunguu:
ukipiga chafya umepoteza msitu.

Nikasia. Sasa najaza viriba.
Udongo nauchota pembeni mwa barabara, ule ulioshuka;
katapila liliusukuma, hakuna aliyeudai.
Mweusi, wa majivu ya mlima, bado una viazi vidogo
vimejificha humo kama watoto waliovunja kitu.
Naupepeta. Nachanganya mchanga, samadi, pumba.
Ambakisye akija kuchukua miti yake
atalipia udongo wa babu yake,
mia tano kila kiriba,
aupandishe mlimani kwa kichwa.
Nimemwambia. Alinyamaza, halafu akacheka,
halafu akauliza kama kuna bei ya jumla.

Siku sitini zinaisha Ijumaa.
Miche ina majani manne, mawili ni ya kuzaliwa nayo.
Lusajo anapiga simu: picha, mama, picha.
Nimemwambia aje apige hata leo,
ila alale kifudifudi kwenye tope,
simu aiweke chini kabisa, usawa wa kiriba.
Kutoka hapo, mgrivea wa majani manne
unaupita Rungwe.