Hesabu Nyuma ya Risiti

Saa kumi alfajiri, Duluth. Theluji imekula nusu ya dirisha.
Nyuma ya risiti ya petroli naandika:
shahada ya uzamili, miaka mitatu nikisoma na kushika zamu,
mtihani wa bodi,
mkopo.
Hapo kalamu inasita.
Eino ataniuliza, na gari je?
Gari litakohoa mwaka mwingine.

Kitanda cha sita, binti wa akina Kowalczyk,
gramu mia saba na arobaini,
njiti kweli, hata kichwa chekundu anacho.
Juzi aliacha kupumua.
Nilimsugua wayo, nikamshikia barakoa,
nikaita, nikangoja wa kumpitishia mrija.
Mkono wangu ulijua njia.
Leseni yangu ndiyo haikujua.

Mtaka cha mvunguni huinama, wanasema.
Mimi nimeinama miaka minne juu ya vioo hivi,
mgongo umeanza kuandika alama ya kuuliza.

Naongeza: fisiolojia, Jumanne usiku.
Nafuta. Narudisha.
Nikimaliza, huyu atakuwa chekechea,
anagombania kalamu ya rangi,
hanijui, na asinijue,
mradi anapiga kelele.

Ziwani meli ya madini imeganda na taa zake.
Muuguzi wa zamu ya asubuhi bado anakwangua kioo cha gari.

Kengele. Kitanda cha pili.
Risiti naitia mfukoni, nanawa hadi viwikoni.
Jumla sijaipiga.