Ghala la Ghala

kwa Ghaniya, Sohar

Nimesikia unanunua mfumo, Ghaniya,
na arbuni umeshalipa,
basi sikuandikii kukuzuia.
Nakuandikia kwa sababu mie ndiye niliyetia sahihi,
mwezi wa saba, nje joto la arubaini na saba,
ndani kiyoyozi kimetuvalisha makoti,
na sikushuka chini.

Chini ni ngazi kumi na nne tu.
Ghala letu liko Ghala
(tunacheka sisi wenye Kiswahili,
wengine hawajui tunachekea nini),
na ghalani yupo Biju,
miaka kumi na tisa na daftari la jalada jekundu,
anajua kila pampu imelala wapi,
ipi imerudishwa kutoka Bidiya na mchanga tumboni,
ipi tumeiahidi kwa mdomo, bila karatasi.

Kijana wa Dubai alikuja na picha za mishale.
Mshale unatoka kwenye oda, unapita ghalani,
unatua kwenye ankara.
Mizuri. Hakuna mshale uliorudi nyuma kusema
samahani, mteja kabadili nia.
Akauliza, "Kazi zenu zinakwendaje?"
Nikamjibu mie,
ambaye tangu nipandishwe cheo
sijagusa boksi.

Halafu majina.
Bomba moja la inchi mbili:
Thuwaini kaliandika kwa Kiarabu,
Biju kaandika paipu,
mie, enzi zangu, niliandika bomba.
Mfumo hauna jirani wa kuuliza.
Ukaona vitu vitatu,
kila kimoja ukakipa rafu yake hewani.
Kusafisha majina, wiki sita, walisema.
Nikasema mbili.
Nikasema tutasafisha tukishahamia.
Nani anahamia nyumba mpya
na taka zake kazifungia mabegini?

Jumapili tulikata keki,
nembo ya kampuni kwa krimu ya buluu,
halwa pembeni kwa wasiopenda krimu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema,
na mwenyeji hata kiti hatukumpa.
Daftari nikalitia kabatini, nikafunga,
ufunguo nikautia mkobani
ili asirudi nyuma mtu.

Jumatatu mfumo ukasema: pampu, sifuri.
Pampu zilikuwapo. Nilizigusa.
Zilikuwa na joto kama mkate wa tanuri.
Lori la Bidiya limesimama uani,
dereva kalala chini yake, kwenye kivuli,
na skrini haitoi ruhusa ya mlango.
Jumanne vilevile.
Jumatano akapiga simu Bi Shamsa,
mitende mia mbili, kisima kimya siku ya tatu:
"Huo mfumo wenu, binti,
unatoa maji?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ufunguo.
Nikashuka ngazi, nikazihesabu,
ndiyo maana najua idadi.
Nikampa Biju daftari lake.
Hakusema neno.
Alikuwa ameshaandika ubavuni mwa maboksi,
kwa kalamu ya wino mzito, siku zote tatu,
kilichoingia, kilichotoka, kinachodaiwa,
kuta nzima za karatasi ngumu
zinasema ukweli ambao juu hatuusomi.
Lori likaondoka kwa boksi, si kwa skrini.

Nikavuta kiti cha plastiki.
Nikamwuliza lile swali la kijana wa Dubai.
Alianza kujibu saa nne asubuhi.
Adhana ya adhuhuri ilitukuta
bado tuko kwenye pampu zinazorudishwa.

Sasa mfumo unakwenda, sikudanganyi.
Biju anaufungua kwa nywila yake
na akikosea ananiita kwa jina, bila cheo.
Yapo mabomba mawili
hatujayapata mpaka leo, yamo hewani,
kila mwisho wa mwezi yananisalimia.

Mengine utayajua mwenyewe.
Ila hebu niambie, kabla hujakata keki:
kwako Sohar,
kutoka mezani kwako mpaka ghalani,
ngazi ni ngapi?