Sufu Gizani

Saa tatu asubuhi malori hushika njia ya chini kuelekea mpakani.
Mimi nakata kulia, juu ya bwawa la Piva,
pale kibao kilipotobolewa risasi na wawindaji
na jina la kijiji limebaki herufi tatu.
Gia ya kwanza.
Mnyororo unanong'ona kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.

Msinidhanie mwanariadha.
Nina miaka arobaini na saba, goti lililoshonwa Nikšić,
na baiskeli ya marehemu shemeji yangu, Obrad,
aliyeinunua ili apunguze tumbo
akaipanda mara mbili.
Tandiko bado lina umbo la mtu mwingine.
Linanizoea kidogo kidogo, au ni mimi ninayezoea kuumia.

Barabara hii haikujengwa, ilitobolewa.
Jabali lilipokataa kupisha, walilipita tumboni,
na mahandaki yake hayana taa wala saruji,
yana meno ya baruti juu ya utosi wako
na tone moja la maji
linalojua vizuri kola ya shati ilipo.
Nimeyahesabu mara nyingi, sijapata jibu moja mara mbili.
Kila giza linapokaribia kukuzoea
jabali linafumbua jicho,
na ndani ya jicho, chini sana, ziwa:
kijani nisichokipatia jina,
si cha jani, si cha chupa,
cha kitu kilichofunika mji kikanyamaza.
Mama alizaliwa huko chini.
Husema, jiko letu liko pale, kushoto kwa lile boya,
na kidole anakinyoosha kana kwamba ameacha chungu motoni.

Saa nzima lilipita gari moja,
jeupe, la maziwa, la Blagota.
Hupiga honi mara mbili kabla ya kila handaki,
na ya tatu, fupi, akiniona.
Nadhani ni salamu,
ingawa kwa Blagota huwezi kujua.

Kisha lile refu, lenye kona ndani yake.
Taa yangu ikakohoa, ikazimika.
Nikashuka. Mkono ukutani. Hatua. Hatua.
Nikasikia pumzi.
Si ya mtu mmoja: nyingi, za chini, zenye joto,
kama chumba kizima cha watu waliolala
na mimi nimeingia bila hodi.
Moyo ukapanda gia ambayo baiskeli haina.

“Nani?” nikauliza, kwa sauti ya mtoto.
Kengele ikajibu, ngli.
Halafu mwanamke, kutoka upande wa pili, bila haraka:
“Wamekimbia jua. Pita katikati, usiwachome na pedali.”

Basi nikapita.
Kondoo mia, labda. Sikuona hata mmoja.
Sufu ilinigusa magoti, mapaja, viganja,
ikifunguka mbele, ikijifunga nyuma,
maji mazito yanayonuka mafuta na nyasi.
Niliomba radhi kama mara kumi.

Nje, Stanojka ameketi juu ya jiwe la kilometa
akifuma soksi bila kutazama sindano.
Akanikatia jibini juu ya kipande cha gazeti.
“Huko juu mna nini,” akauliza, “kila Jumapili?”
Nilitaka kusema mandhari. Nilitaka kusema goti.
Juu kuna uwanda wa nyasi, nyumba mbili za mbao,
na mlima wenye tabaka zilizokunjwa
kama nguo zilizokunjwa na mtu mwenye hasira.
“Juu kuna kushuka,” nikasema.
Akacheka hadi uzi ukamponyoka.

Niliporudi jioni, breki zikilia,
niligonga kengele mara mbili kabla ya kila handaki,
na ya tatu, fupi, kwa yeyote aliyemo.
Hakujibu mtu.

Usiku mama alichomoa uzi wa sufu kwenye spoku.
Akaunusa, akaukunja ndani ya leso.
“Hawa,” akasema, “wamekula majani ya upande wetu.”