Mizunguko Mitano

Uwanja wetu wa Muriet ulipimwa mita mia nne
mwaka ule shule ya kata ilipofunguliwa.
Ikaja maabara, ikala kona moja.
Likaja tangi la maji. Ikaja ofisi ya mtendaji.
Jirani naye akasogeza seng'enge usiku, hatua tatu tu,
asubuhi akatuamkia vizuri.

Njia tulichora kwa majivu ya jikoni,
kila Januari ndani kidogo ya njia ya mwaka jana,
na kila baada ya muda rekodi ikavunjwa.

Ziko ukutani, juu ya kengele ya ringi ya lori,
kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye madirisha:
Anaeli Nanyaro, 2009, dakika tano na sekunde tatu.
Ndekirwa Kaaya, 2014, nne na arobaini.
Penina Sumari, 2019, mita elfu moja na mia tano
kwa dakika tatu na sekunde hamsini na nane.
Paredi ikiisha, mkuu wa shule huzigusa kwa fimbo:
"Mnaona wenzenu?"

Mimi nilihamia hapa kufundisha hesabu.
Muda wa Penina ulininyima usingizi
kama mtoro aliyepata mia.
Nikaazima futi ya fundi ujenzi,
Jumamosi nzima nikazunguka nimechuchumaa.
Mita mia tatu.
"Basi ni mitano," nikawaambia, "siyo mitatu na robo tatu."
Wakanuna. Mwalimu karefusha mbio!

Nemburis Saning'o hakununa.
Kidato cha pili, hutoka ng'ambo ya korongo
viatu mkononi, visiishe njiani.
Alihesabu kwa vidole, kila mzunguko akikunja kimoja;
mkono ukiwa ngumi, amefika.

Umisseta ya mkoa, uwanja mkubwa wa mjini,
shule nyingine zimeshuka na mabasi yao.
Alikata utepe wa kwanza,
vidole viwili bado viko wazi.
Hakusimama.
Waamuzi walipuliza filimbi, mmoja alimkimbilia akachoka,
wenzake walikwisha kulala kwenye nyasi,
na yeye anapinda kona peke yake, Meru begani,
anazidi kuongeza kasi kana kwamba kuna mtu mbele.
Jibu nilikuwa nalo mimi, mfukoni, na futi.
Sijui kwa nini sikupaza sauti.
Akanijia na ngumi, akihema:
"Mitano, mwalimu."

Tukarudi na kikombe cha sikio moja
na mpira wa wavu, sisi tusio na wavu.
Dakika tano na sekunde nne.
Fundi rangi akapanda ngazi, akasoma ukuta, akashuka:
"Huyu mbona wa mwisho?"

Penina siku hizi anauza maandazi getini, mtoto mgongoni.
Mteja mgeni humwelekeza kwa kidevu, ukutani, asome.
Nina brashi. Nina rangi. Futi sikuirudisha.
Miezi minne sasa.

Jana Nemburis alinunua la mia mbili.
"Ndiye wewe wa mkoani? Ulitumia ngapi?"
"Tano na nne, dada."
Penina alimtazama kwa huruma,
akamwongeza andazi la pili, bure:
"Usijali, mdogo wangu. Utafika."
Nemburis akapokea kwa mikono miwili,
akanitupia jicho,
akasema asante.