Hasi Mia Tisa Tisini na Tisa

Chora, nikaiamuru. Ikachora.
Mstari umetulia juu kama kamba ya kuanikia nguo,
ghafla unaporomoka, unagonga sakafu,
unapanda, unaporomoka tena.
Misimu thelathini na mmoja ya baridi katika ziwa Võrtsjärv
imekuwa meno ya msumeno.

Virve, msimamizi wangu, ambaye hacheki kazini, alicheka.
"Leelo, hapo umelitoboa ziwa
ukatokea upande wa pili wa dunia."
Akavaa koti. "Alhamisi," akasema.
Leo ni Jumanne, na Tartu nzima imezima taa.

Nimebaki na chai iliyopoa na hii maktaba ya kuchorea
isiyo na rafu wala kitabu, yenye amri tu.
Naanza na madogo, kama mtu anayefagia uwanja
ilhali paa linawaka.
Herufi zetu zimegeuka vijisanduku vitupu,
jina la ziwa limetobokatoboka.
Nabadilisha fonti mara nne. Ya tano inajua Kiestonia.
Tarehe zinakanyagana chini ya mhimili;
naziinamisha nyuzi arobaini na tano, zinapata hewa.
Ufunguo umeketi juu ya mwaka wa themanini na saba
(ufunguo gani huu unaofunga?),
nausukuma hadi kona ya kulia.

Na miezi! Imejipanga kwa alfabeti:
Aprili mbele, Desemba nyuma yake,
barafu inayeyuka kabla ya kuganda.
Mashine imedhani tarehe ni maneno.
Naiambia: hizi ni siku.
Inatii.

Lakini msumeno ungali na meno yake.
Nautafuta mzizi wa kila jino, safu kwa safu,
nazikuta: hasi mia tisa tisini na tisa,
mara kumi na tisa.

Sanduku la daftari liko kando ya bomba la joto.
Kaljo Pedak, kila siku ya tano,
alitoka na keekee na rula ya chuma,
akatoboa, akapima, akaandika kwa penseli
kwa sababu wino huganda.
Natafuta zile siku kumi na tisa.

*Upepo. Keekee imekataa.*
*Barafu inalia. Sikuthubutu.*
*Paka kazaa ndani ya buti langu la kushoto.*

Aliyenakili kwenye kompyuta afanyeje?
Safu yake ilipokea namba tu.
Upepo, woga, paka na wanawe
akavitia vyote katika namba moja
ambayo hakuna ziwa lingeweza kuifikia.

Kisha Februari ya tisini na nne:
tarehe tano mfululizo, kila moja na kistari.
Mwandiko si wa Kaljo, ni wa mviringo, wa mtu mwingine
aliyefungua daftari, akaandika siku,
asitoke nje.
Machi penseli inarudi, imekolea. Hakueleza.

Nazifuta hasi zote, naacha patupu.
Mstari unakatika mara kumi na tano.
Kuna amri, neno moja tu,
ya kuunganisha nukta na nukta juu ya pengo.
Naijaribu. Mchoro unapendeza,
Februari inavukwa bila hata kujikwaa.
Naifuta amri.

Alhamisi Virve anaweka kidole kwenye skrini.
"Hapa pana nini?"
"Hapo hapakupimwa."
Anatazama muda mrefu kuliko mchoro unavyohitaji.
"Basi andika hivyo chini yake."

Nimeandika: *Mapengo ni siku zisizopimwa.*
Paka sikumtaja.
Ila kipimo kilichofuata, siku tano baadaye,
sentimita arobaini na moja,
aliyotembea kuipima sijui kwa buti la nani,
nukta yake nimeikuza kidogo kuliko zenzake,
nusu pointi.
Virve hajaiona. Au ameiona.