Mpira wa Sufuria

Mpira wa sufuria ya presha ulikatika juzi,
kunde hazijafika nusu,
mvuke ukatokea ubavuni
ukipiga mbinja kama mtoto aliyeachiwa nyumba.

Nikakaa dakani, simu mkononi,
nikaandika sawasawa, kwa adabu:
mpira wa sufuria ya presha, lita saba.

Kwanza ulikuja mpira wa miguu.
Kisha wa kumwagilia bustani, mita hamsini,
halafu viatu vya mpira,
na ile mipira mingine
niliyoifunika kwa kiganja, maana mama mkwe
alikuwa papo hapo akichambua mchele.

Nikaongeza neno, maana ikapungua.
Nikakazia "saba": zikaja sufuria saba za seti,
vifuniko vya kioo, presha hazijui,
na juu yao wote kikaango
ambacho sikukiomba,
kimelipia kiti cha mbele.

Nikasema basi, ianze bei ya chini.
Ya chini ilikuwa kava ya simu, shilingi tisa,
imejiandika presha, sufuria, mpira, zawadi, harusi, Idi,
kama mtu ajitiaye katika kila ukoo mjini
ili asikose sinia.
Watu elfu nne wameipa nyota tano.
Nikasoma maoni yao:
"Mzigo umefika, sijaufungua."
Mwingine anasifu mashuka.

Kurasa arubaini,
na hakuna hata moja iliyothubutu kuniambia: sina.

Alasiri nikashuka Langoni,
mpira wangu uliokatika ndani ya mfuko wa sukari,
nikapisha punda wawili wa saruji
hadi kwa Shekuwe, duka jembamba kama kabati.
"Ndoo nao niuone," akasema.
(Ningaliiandikia simu hivyo
ingaliniletea ndoo ishirini.)

Akaupima kwa shibiri, akauvuta, akaunusa.
"Sufuria yenyewe ina mkono mmoja au miwili?"
Miwili, nikasema,
na nikashangaa jinsi nilivyofurahi kuulizwa.

"Huo sina. Nna wa lita tano, utavuja, sikuuzii.
Mwulize Athmani fundi. Jumanne huletewa."

Nikarudi mikono mitupu.
Kunde tukazimalizia kwa makaa, hadi isha.

Usiku simu ikatetemeka mtoni:
"Bado unatafuta mpira? Tumekuchagulia."
Nikafungua, mpumbavu mimi.
Filimbi ya refa.