Daftari la Vilivyopungua

Julai nilichora ratiba, siku tatu nzima,
nyuma ya kalenda ya duka la rangi la Barabara ya Kumi na Mbili.
Hisabati nyekundu, Jiografia kijani,
Historia nikaipa zambarau kwa kuwa kalamu ilikuwepo.
Rula ya Kiondo. Gundi ya unga wa ngano.
Ikakaa ukutani kama bibi harusi:
kila aliyeingia aliitazama,
hakuna aliyeigusa, nami nikiwemo.

Agosti nilisoma usanisinuru.
Nikausoma tena. Mara ya nne
niliukariri huku namenya muhogo,
jani, jua, maji, hewa,
hapakuwa na pa kukwama,
nikadhani huko ndiko kusoma.

"Umefika wapi?" aliniuliza Mwalimu Semhando
juu ya baiskeli, mguu mmoja chini.
"Naendelea, mwalimu."
Sikumwambia naendelea palepale.

Mama hana ratiba. Ana kiduka cha rafu tano,
na usiku, kabla ya komeo, hushika peni
na daftari lililolika kona.
Sabuni hazihesabu, zimejaa.
Huandika: chumvi. Viberiti. Mafuta ya taa, lita mbili.
Nikamuuliza, mbona mchele huuandiki?
"Mchele ninao.
Hapa naandika cha kwenda kununua."

Usiku ule nikaibandua ratiba,
gundi ikang'oka na chokaa ya watu.
Nikaigeuza.
Upande wa pili tarehe zilikuwa zikinitazama
tangu Julai, zimepigwa uso ukutani:
Septemba, Oktoba, na Novemba pembeni, nyembamba.

Nikaandika kwa penseli.
Moli. Milinganyo. Majimaji, sababu zake, si miaka.
Moli tena baada ya siku tatu,
tena baada ya wiki, kitabu kimefungwa.
Dakika arobaini, kisha hadi bombani na kurudi.
Ijumaa mchana pabaki wazi,
maana kuna siku ya umeme kukatika
na kuna siku ya tumbo.

Haipendezi. Kiondo aliicheka.
Ina doa la chai, ina makovu ya ufutio,
moli imekatwa na kurudishwa mara tano.

Jana nilikokotoa swali moja mpaka chini,
jibu likalingana na la nyuma ya kitabu.
Sikupiga kelele, Mama alikuwa amelala.
Nikapitisha mstari.

Chumvi imeingia dukani.
Bado viberiti.